Emma Lazarus kwa Kiswahili: shajara ya mradi wa vipindi vya sauti

Januari 9

Kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza vipindi vitano vya sauti kuhusu Emma Lazarus, mshairi wa New York aliyezaliwa Julai 22, 1849 na kufariki Novemba 19, 1887, akiwa na miaka 38 tu. Vitasambazwa kwa simu, kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia na makanisa, maana huko ndiko watu wetu wanakosikiliza. Tunawalenga wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, pamoja na ndugu zao waliobaki.

Sababu ni nyepesi kuieleza. Watoto wa familia hizi wanafundishwa shuleni mistari ya mwisho ya *The New Colossus*, soneti yake (shairi la mistari 14) juu ya Sanamu ya Uhuru ya New York, ile inayosema nipeni wachovu wenu, masikini wenu, watu waliosongamana wanaotamani kupumua huru. Wanairudia nyumbani. Mzazi anauliza nani kasema hivyo, na mtoto anajibu, "Ile Sanamu." Nataka mzazi yule ajue kwamba kuna mtu aliyeyaandika maneno hayo, alikuwa mwanamke, na kabla ya kuyaandika alikwenda kuwatazama wakimbizi kwa macho yake.

Kundi ni dogo. Mimi naandika hati na kusoma masimulizi. Sauti ya Emma ni dada yetu mmoja mwenyeji wa Fizi, aliyeishi Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kijana wake anarekodi na kuhariri kwenye kompyuta.

Mpango wa sasa: kipindi cha kwanza kifungue na Sanamu ya Uhuru na soneti, halafu turudi utotoni.

Januari 17

Hati ya utoto imekwisha. Emma alikuwa wa nne kati ya watoto saba wa Moses Lazarus na Esther Nathan, Wayahudi wa jumuiya yenye asili ya Uhispania na Ureno ambao jamaa zao waliishi Amerika tangu kabla nchi haijapata uhuru wake. Baba alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari. Hakumpeleka binti yake shule. Alimletea walimu nyumbani, akajifunza Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Wakati wa joto familia ilihamia Newport, Rhode Island, karibu na matajiri wengine.

Hapa nimeweka aya moja na sitaki iondolewe. Mbia wa Moses katika sukari ile, Bradish Johnson, alikuwa na mashamba ya miwa Louisiana yaliyolimwa na watumwa. Fedha iliyowalipa walimu wa Emma ilikuwa na jasho la watu wasiolipwa ndani yake. Msikilizaji wetu ana haki ya kulijua hilo, na heshima yangu kwa mshairi haipungui kwa kulisema.

Mwaka 1866 baba alichapisha kwa gharama yake mashairi na tafsiri ambazo binti alikuwa amezifanya kati ya umri wa miaka 14 na 16. Mwaka uliofuata kitabu kikatolewa tena kwa ajili ya kuuzwa. Kuna Heine mle, mshairi wa Kijerumani, kuna Hugo wa Ufaransa. Mengi ni ya mtoto anayejifunza kuandika: maua, mashujaa waliokufa, mapenzi ya vitabuni. Nimechukua mistari michache tu.

Kisha, Julai 1867, akikaribia kutimiza miaka 18, aliandika shairi juu ya sinagogi la zamani la Newport, jengo la mwaka 1763 ambalo wakati huo halikuwa na waumini wa kulijaza. Mshairi Longfellow alikuwa ameshaandika juu ya makaburi ya Wayahudi wa mji huohuo, akamaliza kwa kusema mataifa yaliyokufa hayafufuki. Emma anatumia mapigo yaleyale ya Longfellow, lakini anaingia ndani ya jengo lenyewe na kutuambia tuvue viatu, maana mahali hapa bado ni patakatifu. Binti wa miaka 17 anamjibu mshairi mashuhuri kuliko wote nchini, na anamjibu kwa adabu. Hilo tumelisoma lote.

Januari 28

Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mwanafalsafa. Nilidhani atachukua dakika tatu, amechukua karibu nusu ya kipindi.

Walikutana 1868. Emma alikuwa amempelekea kitabu chake, naye mzee akamwandikia barua za kumsifu na kumsahihisha, akajitolea kuwa mwalimu wake. Alimshauri asome nini, apunguze nini. Kitabu cha pili cha Emma, *Admetus and Other Poems* cha 1871, shairi lake kuu limetolewa kwa heshima ya Emerson. Halafu mwaka 1874 Emerson akatoa mkusanyo mkubwa wa mashairi aliyoyapenda, *Parnassus*, na jina la Emma halimo. Hata shairi moja halimo.

Emma hakunyamaza. Alimwandikia barua ya kuuliza sababu, akamkumbusha sifa alizokuwa amempa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na miaka 25, mwanamke, Myahudi, akiuliza hesabu kwa mtu ambaye nchi nzima ilimwona mwenye hekima. Dada yetu alipoisoma hati hii alisema, "Huyu mtoto alilelewa vizuri. Anauliza bila kutukana." Maneno hayo yameingia kwenye kipindi, kwa ruhusa yake.

Miaka miwili baadaye, 1876, Emerson alimkaribisha nyumbani kwake Concord. Huko alitembezwa na Ellery Channing, aliyekuwa rafiki wa Thoreau, mwandishi aliyependa maisha ya msituni, na wakati wa kuagana Channing akampa zawadi: kitabu chake juu ya Thoreau, na dira ndogo ya mfukoni aliyokuwa akiibeba Thoreau mwenyewe msituni. Kijana wetu wa sauti alitaka kuweka mlio wa kitu kinachofunguka. Nimekataa. Dira itajwe tu, kwa sauti ya kawaida.

Riwaya yake *Alide* ya 1874, juu ya ujana wa mwandishi wa Kijerumani Goethe, na tamthilia *The Spagnoletto* ya 1876 nimezipitia kwa sentensi mbili. Si mahali ambapo nguvu zake zilikuwa.

Februari 11

Wiki hii nimekaa na miaka miwili tu, 1881 na 1882, na mpango wote umebadilika.

Machi 1881 Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa kwa bomu. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi ndio waliofanya, na kuanzia Aprili makundi ya watu yakawavamia katika miji ya kusini ya dola ile, Yelisavetgrad kwanza, kisha Kiev na kwingineko. Maduka yakaporwa, nyumba zikavunjwa, watu wakauawa. Mwaka 1882 serikali yenyewe ikaongeza sheria za kuwabana wasikae vijijini. Maelfu wakakimbia, na sehemu yao wakafika New York.

Walipofika, wengi waliwekwa Ward's Island, kisiwa kilicho katika mto wa East River, pembeni kabisa ya jiji. Emma alikwenda huko. Alikuwa ndugu wa Wayahudi hawa kwa dini, lakini wa dunia nyingine: yeye alizungumza Kiingereza na Kifaransa cha sebuleni, wao Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yeye wa Newport, wao wameshuka melini na mabunda. Alirudi tena na tena. Alijitolea na chama cha Wayahudi kilichowasaidia wahamiaji, na hakuishia kugawa nguo. Aliandika gazetini juu ya hali ya makazi yale, kwamba watu wamerundikwa bila kazi na bila mafunzo, na huduma hazitoshi. Oktoba 1882 kambi ile ililipuka kwa vurugu, wakimbizi wakipambana na wasimamizi wao.

Nilimsomea dada yetu sehemu hii jikoni kwake ili apime maneno. Nilipofika pale watu wanaposubiri mwezi baada ya mwezi waambiwe wataenda wapi, aliniomba nisimame. Akaniuliza kama kile kisiwa kilikuwa na uzio. Akauliza maji walichota wapi, na foleni ya chakula ilikuwa ya nani kwanza. Kisha akasema: "Huyu mama aliona kambi kwanza, ndipo akaandika. Na nyinyi muanzie kambini."

Basi tunaanzia kambini. Kipindi cha kwanza kitafungua Ward's Island, 1882, Emma akiwa na miaka 33 na vitabu vyake nyuma yake, akiwa amesimama mbele ya watu ambao hakuwahi kufikiri kwamba wanamhusu. Baada ya hapo ndipo turudi nyuma kwa sukari, Newport na Emerson. Sanamu isubiri hadi kipindi cha nne.

Februari 20

Bado niko kwenye 1882, na sioni haya kukaa hapa. Mwaka huu ndio uliomfanya.

Aprili, jarida la *The Century* lilichapisha makala ya mwandishi wa Kirusi, Zinaida Ragozin, iliyowatupia Wayahudi wenyewe lawama ya mashambulizi yale. Mwezi uliofuata, katika jarida hilohilo, Emma akajibu. Hasira yake iko wazi, ila anaishika vizuri: anachukua shtaka baada ya shtaka na kulijibu kwa ushahidi. Mwaka huo huo akatoa *Songs of a Semite*, diwani iliyochapishwa na gazeti la *The American Hebrew*. Jina tu la kitabu lilikuwa tangazo. Alikuwa binti wa familia iliyopokelewa kwenye kumbi za matajiri, na sasa anajitambulisha kwa neno ambalo wabaguzi walikuwa wanalitumia kama tusi.

Ndani ya kitabu kile kuna tamthilia ya kishairi, *The Dance to Death*, juu ya Wayahudi wa Nordhausen, Ujerumani, waliochomwa moto mwaka 1349 wakati wa tauni kwa kudaiwa wametia sumu visima. Aliitoa kwa heshima ya George Eliot, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Imo pia kazi yake ya kuwatafsiri washairi wa Kiebrania wa Uhispania ya zamani, Judah Halevi na Ibn Gabirol, ambayo mwanzoni aliifanya kupitia Kijerumani. Baadaye aliona haitoshi, akaanza kujifunza Kiebrania mwenyewe.

Kuanzia Novemba 1882 hadi Februari 1883 akaandika mfululizo wa barua za wazi kwa Wayahudi wenzake wa Marekani, akiwaambia kwamba hakuna aliye huru mpaka wote wawe huru. Hii nimeiweka mwisho wa kipindi cha tatu.

Machi 3

Soneti. Nimeitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida cha masimulizi, bila kuibana katika vina. Nilipima njia ya beti zenye mizani kumi na sita na ikakaa vizuri masikioni, lakini ilinilazimu kuongeza maneno ambayo Emma hakuyasema, na kwa shairi la mistari 14 lisilo na neno la ziada hilo ni bei kubwa mno.

Kwanza tunaeleza lilivyoandikwa. Mwaka 1883 Sanamu ilikuwa bado Paris, ikijengwa chini ya mchongaji wake Mfaransa, Bartholdi. New York ilikuwa imeona mkono na mwenge tu, uliosimamishwa Madison Square hadi 1882. Wafaransa walikuwa wametoa Sanamu, Wamarekani walitakiwa watoe msingi wake, na fedha haikuwepo. Ikaandaliwa maonyesho ya sanaa ya kuchangisha, na mwandishi Constance Cary Harrison akamwomba Emma shairi. Emma alikataa, akasema hawezi kuandika kwa kuagizwa. Harrison akamwambia afikirie wakimbizi wake wa Ward's Island, na namna mwanamke yule mwenye mwenge atakavyoonekana kwao wanapoingia bandarini. Hapo akakubali. Tarehe iliyo kwenye soneti ni Novemba 2, 1883.

Ndiyo maana nashukuru tulianzia kambini. Msikilizaji atakapofika hapa hatahitaji kuelezwa lolote.

Waliotoa Sanamu walikuwa na neno lao: urafiki wa jamhuri mbili, uhuru unaoangaza dunia. Wahamiaji hawakuwamo. Emma ndiye aliyemgeuza mwanamke wa shaba kuwa mama wa waliofukuzwa kwao.

Sasa usomaji. Mistari minane ya kwanza inaeleza. Inaanza kwa kukataa: hatafanana na lile jitu la shaba la Wagiriki wa Rhodes, lililotanua miguu ya kuteka nchi. Hapa, kwenye milango yetu ya machweo inayooshwa na bahari, atasimama mwanamke mwenye nguvu ameshika mwenge, na moto wake ni radi iliyofungwa, yaani umeme, ambao mwaka ule ulikuwa mgeni barabarani New York. Macho yake mapole yanatawala bandari iliyo kati ya miji miwili, yenye daraja hewani. Miji hiyo ni New York na Brooklyn, wakati huo kila mmoja na meya wake, na daraja lilikuwa limefunguliwa Mei 24 mwaka uleule. Emma aliweka ndani ya soneti kitu kilichokuwa na miezi michache tu.

Kisha mstari wa tisa, na Sanamu inafungua kinywa. Kuanzia hapo hadi mwisho ni maneno yake, mistari sita kamili isipokuwa kipande kifupi kinachosema anapaza sauti kwa midomo iliyo kimya. Kwa hiyo mimi nasoma minane, nanyamaza, na dada yetu anasoma sita. Tulirekodi jioni, majirani walipokuwa wametulia. Alisoma bila kupandisha sauti. Kile kipande cha wachovu na masikini alikisema kama mtu anayetaja watu wanaosubiri nje ya mlango wake. Hatukurudia.

Machi 12

Jambo limenizuia kuendelea mbele. Nilikuwa nikiamini kwamba soneti imemfunika Emma, na kwamba kazi yetu ni kuirudisha nafasi yake ya kawaida kati ya mashairi mengine. Dada zake walifanya hivyo walipotoa kazi zake kwa juzuu mbili mwaka 1888: juzuu la kwanza linafunguliwa na *Epochs*, na soneti ya Sanamu imo katikati ya soneti nyingine, baada ya *Echoes* na *Success*.

Lakini Emma mwenyewe, mwaka 1886, alinakili mashairi yake kwa mkono kwenye daftari, kwa mpangilio aliotaka, na akaweka *The New Colossus* mbele ya yote. Alijua uzito wa kile alichoandika, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akikitaja.

Vipindi vitabaki vilivyo, ila maelezo yangu ya kufungulia nimeyaandika upya. Silalamiki tena kwamba mistari ile inajulikana mno. Namwomba msikilizaji aisikie ikiwa chaguo la mwenyewe.

Nimepata pia nafasi ya soneti mbili za jirani. *Echoes*, ambamo anasema mwanamke aliyezaliwa zama za baadaye hawezi kuimba vita na hatari kama washairi wa kale, bali ana mwangwi na upweke. Na *Venus of the Louvre*, ambamo mbele ya sanamu nyingine ya mwanamke, ile ya Paris isiyo na mikono, anamwona Heine akilia miguuni pake, Myahudi aliyegeuka rangi kwa maradhi. Zikisomwa pamoja na ya Sanamu ya Uhuru, unaona fikra moja ikimfuata: mwanamke wa jiwe au wa shaba, na anayeteseka akiwa chini yake. Sanamu ya Paris haina mikono ya kumsaidia yeyote. Ya New York amempa mwenge na sauti. Hili nimeliandika kwa furaha kuliko sehemu yoyote ya hati.

Machi 25

Kipindi cha tano. Baba yake alifariki Machi 1885 na Emma akaondoka kwenda Ulaya kwa mara ya pili, akakaa hadi 1887. Mara ya kwanza, 1883, alikuwa amekwenda na barua za utambulisho kutoka kwa mwandishi Henry James, akakutana na washairi wa Uingereza Browning na William Morris. Safari hii alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake leo unasomwa kuwa saratani ya tezi, ile iitwayo kwa jina la Hodgkin.

Sanamu ilizinduliwa Oktoba 28, 1886. Emma alikuwa ng'ambo, na soneti haikusomwa. Msingi ulikuwa umekamilishwa kwa michango ya watu zaidi ya laki moja, wengi wa senti chache, waliohamasishwa na gazeti la mchapishaji Joseph Pulitzer.

Machi 1887 *The Century* ilichapisha kazi yake kubwa ya mwisho, *By the Waters of Babylon*, mashairi madogo ya nathari, umbo ambalo karibu hakuna aliyekuwa akilitumia kwa Kiingereza. Sehemu ya kwanza ni msafara wa Wayahudi wakifukuzwa Uhispania, Agosti 1492: vumbi, jua, wazee, kina mama wenye watoto migongoni, vilema. Anawatazama mmoja mmoja wakipita. Mwishoni anawanong'oneza kwamba wakati huohuo Mgenoa mmoja, yaani Columbus, anatweka tanga kuelekea dunia wasiyoijua. Dada yetu alisoma sehemu hii mara ya kwanza kwa kasi, akaomba arudie taratibu, kwa sababu, alisema, watu wanaotembea na watoto hawaendi mbio.

Emma alirudi New York Julai 31, 1887, akafa Novemba. Taarifa za kifo chake zilizomsifu hazikuijali soneti. Mwaka 1903, kwa juhudi za rafiki yake Georgina Schuyler, bamba la shaba lenye soneti liliwekwa ndani ya msingi wa Sanamu. Bamba limeacha mkato mmoja katika mstari wa tisa, baada ya neno la kwanza, pale Sanamu inapoanza kusema. Sisi tumepumua pale ambapo mshairi aliweka mkato.

Aprili 2

Hali ilivyo: vipindi vinne vimehaririwa. Cha tano kimebaki na kipande kimoja, kuhusu mdogo wake Annie, aliyeingia Ukristo, ambaye mwaka 1926 alikataa kutoa ruhusa ya kuchapisha upya maandishi ya Kiyahudi ya Emma. Nataka kukieleza bila kumhukumu Annie, na bila kulainisha hasara iliyopatikana. Hati iko kwa dada yetu aipitie.

Kwa muziki wa kufungulia tumekubaliana hakuna. Kipindi cha kwanza kinaanza moja kwa moja na Ward's Island, na kitatoka Ijumaa jioni, saa ambazo wengi wametoka kazini.